Naomba msaada kuutambua mwaloni huu wa Minnesota kabla haujakatwa

Binti Njombe, Septemba 9

Wakuu, heshima kwenu. Nipo Minneapolis, jimbo la Minnesota, mwaka wa sita huu. Nyuma ya jengo tunalopanga kuna mti mkubwa ambao kila mtu hapa anauita oak, basi. Kwetu ndio mwaloni. Neno hilo nilikuwa nalisikia kanisani tu, kwenye habari za Abrahamu na zile za Absalomu aliyenasa kichwa matawini. Sasa mwenyewe naanika nguo chini ya mwaloni, na wanangu wamejaza matunda yake kwenye kila mfuko wa koti.

Kilichonileta jukwaani ni hiki. Tangu katikati ya Agosti majani ya matawi ya chini yamegeuka kahawia. Msimamizi wa jengo amepita, akatazama kwa dakika mbili hivi, akasema huu ni mwaloni mwekundu, una ugonjwa wa mnyauko, na utaangushwa kabla ya baridi. Nimemwomba anipe wiki chache. Sina utaalamu, ila nimekulia kwenye misitu ya kupandwa na sitaki mti wa umri huu uondoke kwa kukisia.

Naandika nilichokiona. Mzingo wa shina kwenye usawa wa kifua ni mita 3 na sentimita 10. Mti umepita paa la ghorofa ya tatu, na matawi yametanuka karibu sawa na urefu wake. Gome ni kijivu kinachoelekea weusi, lina migongo mirefu ya wima na mifereji ambayo kidole changu kinazama mpaka pingili ya pili. Majani ni makubwa, mengine sentimita 18, na ukingo wake una vidole vilivyo na ncha za mviringo. Upande wa chini yamepauka. Matunda ni madogo, kama ncha ya kidole gumba, na kila moja limekaa kwenye kikombe.

Je, huu ni mwekundu kweli?

Kijana wa Kericho, Septemba 9

Dada, pole na hongera kwa kusimama upande wa mti. Mimi niko Texas, karibu na Dallas, na mialoni tunayo ya kila namna. Kwa maelezo hayo huo si mwekundu. Jani la mwaloni mwekundu kila kidole kinaishia na ncha kali, na kwenye ncha ile kuna unywele mgumu ambao ukiupapasa unauhisi. Kama vidole vyako ni vya mviringo, huo ni mwaloni mweupe, Quercus alba. Mwambie huyo msimamizi amekosea.

Mzee wa Misitu, Septemba 10

Binti yangu, salaam kutoka Morogoro. Nimefanya kazi ya misitu miaka thelathini na zaidi, mingi kwenye miombo, lakini nikiwa masomoni nilipita misimu miwili kwenye misitu ya Amerika Kaskazini na mialoni ilinikaa moyoni. Huku kwetu hatuna mwaloni wa asili hata mmoja. Ukitoka Afrika ya Kaskazini, kule Moroko na Aljeria wanakovuna maganda ya kutengenezea vizibo vya chupa, jenasi ya Quercus haipo tena kusini mwa Sahara. Ndiyo maana hata lugha yetu haina majina ya kuitenganisha, tunasema mwaloni tukamaliza, ilhali duniani ipo spishi zaidi ya 400.

Kijana amesema kweli kwamba si mwekundu, ila amekwenda mbio kwenye jina la pili. "Nyeupe" na "nyekundu" ni makundi kwanza, kabla ya kuwa majina ya spishi. Kundi jekundu lina majani yenye unywele kwenye ncha, na tunda lake linachukua misimu miwili mtini mpaka likomae. Kundi jeupe halina unywele huo, na tunda hukomaa mwaka uleule lilipochanua ua. Ipo alama nyingine isiyodanganya hata majani yakiwa yameisha. Pasua tunda, toa kiini, kisha papasa ganda kwa ndani. Ganda la kundi jekundu lina manyoya laini ndani yake, la kundi jeupe ni tupu na linateleza.

Sasa ndani ya kundi jeupe, kwa huko Minnesota una watuhumiwa watatu: Quercus alba, Quercus bicolor na Quercus macrocarpa. Jani moja halitakupa jibu. Mwaloni mmoja unaweza kubeba majani ya sura tatu: yale ya kileleni yanayopigwa na jua huwa madogo yenye mapengo makubwa, yale ya kivulini huwa mapana kama sahani. Okota kumi, yapange mezani, utafute sura inayojirudia.

Alba, vidole vyake vinalingana kutoka chini mpaka juu ya jani, kikombe cha tunda ni kifupi na kinashika robo tu ya kokwa, na gome ni la kijivu cha majivu lenye magamba yanayobanduka. Bicolor hana vidole hasa, ukingo wake umejikunja kama mawimbi, chini ya jani ni laini kama mahameli, na tunda linaning'inia kwenye kikonyo kirefu, sentimita tatu hata saba. Macrocarpa jani lake lina kiuno: karibu na katikati mapengo mawili yanaingia ndani mpaka yanakaribia mshipa mkuu, kisha juu linatanuka. Kikombe chake ni kirefu, na ukingoni kina nyuzi. Jina lenyewe maana yake ni "tunda kubwa", na aliyelitoa ni André Michaux, Mfaransa, mwaka 1801.

Kwa hiyo nenda tena chini ya mti, mwanangu. Angalia kiuno cha jani, kikombe, kikonyo cha tunda na vitawi vyembamba. Vitawi usivisahau.

Fundi wa Keko, Septemba 10

Samahani kuingilia mada. Mzee, hapa Dar wateja wanakuja na picha simuni wanataka meza ya mwaloni. Wauza mbao wengine wananiambia mgrivea ndio mwaloni wetu. Ni kweli?

Mzee wa Misitu, Septemba 11

Si kweli, fundi, ingawa kosa halikuanzia kwa wauza mbao. Waingereza waliuita mgrivea "mwaloni wa hariri" kwa sababu mbao yake ikipasuliwa inaonyesha mabaka ya kung'aa yanayofanana na ya mwaloni. Mgrivea umetoka Australia na hauna undugu na Quercus. Hata mvinje wa pwani huko Australia wanaupa jina la mwaloni, na muuru wa Meru, Vitex keniensis, nao umeuzwa miaka mingi kama "mwaloni wa Meru". Yote ni miti mizuri, kila mmoja na jina lake.

Na ukiletewa mbao ya mwaloni wenyewe, jua kwamba mwekundu na mweupe hazifanyi kazi moja. Kata kijiti cha mwekundu, zamisha ncha moja kwenye maji, puliza ncha ya pili, mapovu yatatoka, maana mirija yake iko wazi. Kwenye mweupe mirija ya mbao ya kati imezibwa na mti wenyewe, hewa haipiti. Ndiyo sababu mapipa ya pombe kali yanatengenezwa kwa kundi jeupe.

Binti Njombe, Septemba 14

Shikamoo mzee. Leo Jumapili nimeshinda chini ya mti na daftari, nimetoka na majibu yako yote.

Majani kumi nimeyapanga mezani. Mawili ya kivulini yangenipoteza, hayana umbo. Manane yaliyobaki yana kiuno kama ulivyosema. Moja nimelipima: urefu sentimita 17, upana wa juu sentimita 10, na pale kiunoni limebaki sentimita 2 tu, yaani mshipa na kipande kidogo cha kijani kila upande. Juu ya kiuno limetanuka kama feni. Ukiligeuza, chini ni kijivu cheupe na ukipitisha mdomo wa juu unahisi vinyweleo.

Tunda nimelipasua kwa kisu. Ganda ndani linateleza, halina manyoya. Kikombe kinashika zaidi ya nusu ya kokwa. Ukingo wake una nyuzi fupi zilizojikunja, kama matamvua ya kikoi kilichofuliwa sana. Kikonyo cha tunda ni kifupi, hakifiki hata sentimita mbili.

Vitawi sasa. Mzee, nilikuwa nimevipita bila kuviona! Vitawi vya umri wa miaka mitatu minne vina migongo ya kitu kama kizibo, imesimama pembeni kama mapezi ya samaki. Ukiibonyeza kwa ukucha inabonyea. Kwenye tawi lililovunjwa na upepo nimehesabu migongo minne inayozunguka kitawi kisichozidi unene wa kalamu.

Na jambo moja ambalo halimo kwenye maswali yako. Kindi wa hapa akiokota tunda, mara nyingine hulizungusha mikononi, huling'ata kwenye ncha, kisha hulifukia. Kwa nini aling'ate halafu asilile?

Mzee wa Misitu, Septemba 14

Marahaba mwanangu. Kindi anajua botania. Matunda ya kundi jeupe mengi huota vuli hiyohiyo yanapoanguka, na yakiota akiba imekwisha. Kwa hiyo hung'ata kiinitete kilichopo kwenye ncha ili kokwa lisiote, ndipo alifukie kwa ajili ya baridi. Ya kundi jekundu husubiri hadi masika, hayo huyafukia mazima.

Kiuno, matamvua, na migongo ya kizibo kwenye vitawi: vyote vitatu vinaelekea upande mmoja. Huo ni Quercus macrocarpa, ambao Wamarekani wanauita bur oak.

Kijana wa Kericho, Septemba 15

Mzee, kwa heshima zote, hapo nina wasiwasi. Bur oak ninaijua, iko moja kwenye bustani ya umma ninakofanyia mazoezi. Kokwa lake pamoja na kikombe linakaribia yai la kuku, na kikombe kimelifunika karibu lote, limebaki dirisha dogo tu juu. Nyuzi zake ni ndefu na zimesimama kama nywele. Dada anasema ncha ya kidole gumba na nyuzi fupi. Hiyo inawezaje kuwa spishi moja?

Mzee wa Misitu, Septemba 15

Swali zuri, na umepima kwa macho sawasawa. Huu mti unaenea kutoka Manitoba na Saskatchewan kule Kanada mpaka Texas, na katika safari hiyo tunda lake hubadilika. Kusini hufika sentimita 5, kaskazini husinyaa mpaka sentimita 2 au pungufu, na matamvua hupungua vilevile. Msimu wa kaskazini ni mfupi, mti hauna muda wa kujaza kokwa kubwa. Ile ya kaskazini yenye tunda dogo wataalamu wameipa hata jina la chini ya spishi, oliviformis, yaani yenye umbo la zeituni. Kokwa la binti na la kwako ni ndugu walioishi mbalimbali.

Niongeze tahadhari moja. Mialoni ya kundi jeupe huoana. Macrocarpa na alba huzaa chotara anayeitwa Quercus × bebbiana, na macrocarpa na bicolor huzaa Quercus × schuettei. Kwa hiyo ukikuta mti wenye kiuno cha mmoja na kikombe cha mwingine, usilazimishe jina. Lakini wa binti hauna mchanganyiko huo, alama zote zinakubaliana.

Na gome hilo nene ulilozamisha kidole, binti, ndilo lililouokoa. Nchi hiyo ilikuwa ya nyasi ndefu zilizokuwa zikiungua mara kwa mara. Miti yenye gome jembamba iliteketea, macrocarpa ikabaki imesimama peke yake mbugani, ikatanua matawi bila kubanwa. Ndiyo maana umeukuta mpana kama ulivyo mrefu. Mti wa msituni hausimami hivyo.

Mwana Uvira, Septemba 16

Jambo ndugu zangu. Miye niko Des Moines, Iowa, nimefanya kazi misimu mitatu na kikosi cha kukata na kupogoa miti. Nimesoma uzi wote na nataka kusema juu ya ugonjwa, maana jina la mti sasa linabadilisha hukumu.

Mnyauko wa mialoni upo kweli na ni hatari. Ni kuvu anayeziba mirija ya maji. Mwaloni mwekundu ukishikwa mwezi wa saba unaweza kuwa umekufa kabla ya mwezi wa tisa, na ugonjwa unapita chini kwa chini pale mizizi ya miti jirani iliposhikana. Lakini kwenye mwekundu huanza juu, kileleni, na majani huanguka mengine yakiwa bado na kijani. Wewe dada unasema yameanza chini.

Kwa macrocarpa, na hasa hiyo ya tunda dogo ambayo mzee ameitaja, kuna ugonjwa mwingine, wa majani. Kuvu wake anaitwa Tubakia iowensis, alipewa jina baada ya uchunguzi wa watu wa chuo cha Iowa State hapa kwetu. Anaingia mapema mwezi wa sita kwenye mvua, halafu unaona dalili mwishoni mwa mwezi wa saba na wa nane. Geuza jani lililougua utazame mishipa kwa chini: itakuwa imegeuka zambarau au kahawia, na kipande cha jani kimekauka kwa umbo la kabari. Alama kubwa kuliko zote utaiona baridi. Majani yenye afya huanguka na vikonyo vyake, ila yaliyougua huacha vikonyo vimeng'ang'ania kwenye kitawi mpaka mwaka unaofuata.

Ugonjwa huo unadhoofisha mti polepole kwa miaka mingi, na mti mwingine unaishi nao tu. Kuukata kwa sababu hiyo ni haraka mno. Na usikubali mtu aupogoe kati ya mwezi wa nne na wa saba, maana kidonda kibichi kinaita mende wadogo wanaobeba ule mnyauko wenyewe. Tulikuwa tunaacha misumeno garini miezi hiyo hata mteja akilipa mara mbili.

Peleka vitawi vyenye majani yanayougua maabara. Chuo Kikuu cha Minnesota kina kliniki ya magonjwa ya mimea.

Binti Njombe, Septemba 16

Nimeshuka na tochi sasa hivi. Mishipa ni zambarau, kaka. Nimetetemeka.

Binti Njombe, Oktoba 11

Wakuu, majibu yametoka. Maabara wamekuta Tubakia iowensis. Kuvu wa mnyauko hawakumkuta. Na kwenye fomu ya majibu, mahali pa jina la mti, wameandika Quercus macrocarpa.

Nilimpelekea msimamizi karatasi pamoja na majani matatu niliyoyakausha kwenye gazeti, nikamwonyesha kiuno, nikamwonyesha kitawi chenye mapezi. Alisoma kimya. Amesema mti unabaki, na matawi mawili makavu yanayoelekea kwenye maegesho yataondolewa Januari, baridi ikishakaza. Kuhusu sindano ya dawa ya kuvu kwenye shina, ile ya mwishoni mwa Mei, atauliza bei.

Mzee Misitu, Mwana Uvira, Kijana wa Kericho, Mungu awazidishie.

Kijana wa Kericho, Oktoba 11

Nimefurahi sana dada. Na nimekubali kuhusu jina, jana nimekwenda bustanini nikapapasa vitawi. Mapezi yapo. Miaka minne napita pale.

Binti Njombe, Januari 18

Leo ni nyuzi 24 chini ya sifuri. Wamekuja kukata yale matawi mawili. Mti hauna jani, na sasa ndio unaonekana ulivyojengwa: matawi makubwa yanatoka kwenye shina karibu kwa pembe ya mraba, yamepinda kama viwiko. Vikonyo vilivyokufa vipo kwenye matawi ya chini, kama Mwana Uvira alivyosema, vimejaa barafu. Juu kileleni ni vichache.

Nina swali lingine. Makokwa kumi na mawili nimeyaweka kwenye friji ndani ya mchanga wenye unyevu. Ndugu yangu wa Njombe anaomba nimletee matano nikija likizo, akisema baridi ya Njombe yatapenda.

Mzee wa Misitu, Januari 19

Usiyatie kwenye begi, mwanangu. Mbegu ya mti inaingia nchini kwa kibali cha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu na cheti cha afya kutoka huko ilikotoka, na wewe umeona kwa macho yako kuvu mmoja anavyoweza kufanya. Baridi ya Njombe nayo si baridi ya Minnesota, huo mti umezoea kulala miezi mitano. Yapande hukohuko. Ndoo iwe ya kina kirefu.

Binti Njombe, Juni 2

Mzee, shikamoo. Mwaloni umechanua mwezi uliopita, maua ya kiume yalining'inia kama nyuzi za kijani-njano, yakaanguka yakajaa kwenye kamba ya nguo. Majani yametoka safi mpaka sasa. Sindano wamepiga wiki iliyopita.

Makokwa manane yameota. Juu ya udongo mche ulio mbele una sentimita 9 na majani manne, tayari mawili yana kiuno. Ndoo ina kina cha sentimita 25. Leo nimeinyanyua kuisogeza juani, nikakuta mzizi umetokea kwenye tundu la chini, mweupe, na unaelekea kwenye ufa wa sakafu. Niukate ili mche ukae ndooni mpaka vuli?

Mzee wa Misitu, Juni 2

Marahaba. Usiukate hata kidogo. Macrocarpa anajenga mzizi mkuu kwanza, mwaka wa kwanza unaweza kupita mita moja ardhini, na ndio utakaompa maji ukame ukija. Pasua ndoo ubavuni, usiung'oe mche. Chimba shimo jembamba la urefu wa mkono wako, ushushe mzizi umenyooka, mwagilia polepole. Tunda la kwanza huenda wajukuu ndio watakaoliokota, huu mti huanza kuzaa ukikaribia miaka 35. Upande leo jioni jua likipoa, usingoje Jumamosi.